Madoa ya maji kwenye dashibodi ya kaboni faiba: majibu kwa wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Njiro. Ninalo gari la michezo la milango miwili, nililoliagiza kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Sehemu ya dashibodi iliyo mbele ya abiria, pamoja na fremu inayozunguka redio, ni ya kaboni faiba inayong'aa, na kusema kweli hiyo ndiyo iliyonifanya nilipende gari hili. Hivi karibuni nililipeleka kuoshwa. Kijana aliyeshika mpira wa maji hakugundua kwamba kioo cha dirisha la kushoto kilikuwa kimeshushwa kidogo, na baada ya kuoshwa gari likaachwa juani kwa muda mrefu. Nilipolifuata nilikuta viduara vyeupe vimetapakaa juu ya kaboni yote. Nimevifuta kwa kitambaa na maji safi ya bomba. Dashibodi ikiwa bado na unyevu havionekani, lakini ikikauka vinarudi vyote, na naona kama vimeongezeka. Jirani ananishauri nitumie siki, na fundi mmoja anasema ni lazima papigwe msasa. Nimfuate yupi? — Msomaji wa Njiro, Arusha.

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako yuko karibu na ukweli kuliko fundi, lakini usianze na siki wala na msasa. Anza kwa kujua doa limekaa wapi, kwa sababu dawa inayofaa kwa doa lililo juu haina kazi kwa doa lililo chini, na ile inayofaa kwa doa lililozama inaweza kuharibu sehemu ambayo ilihitaji kufutwa tu.

Unapopapasa dashibodi hiyo, kidole chako hakigusi kaboni. Kaboni yenyewe ni nyuzi nyembamba mno, kila uzi ukiwa na unene wa mikromita 5 hadi 7 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo hukusanywa kwa maelfu, hufumwa kuwa kitambaa, kisha kitambaa hicho hugandishwa ndani ya gundi ngumu ya epoksi. Ni ufundi uliotoka kwenye ndege na magari ya mashindano: gari la kwanza la Formula 1 kuwa na kiunzi kikuu cha kaboni, McLaren MP4/1, lilishindana mwaka 1981, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyozindua gari la barabarani la namna hiyo, McLaren F1, mwaka 1992. Epoksi ina udhaifu mmoja, nao ni kwamba mionzi ya jua huigeuza kuwa ya manjano. Kwa hiyo watengenezaji huifunika kwa klia, ile vanishi angavu ambayo mafundi rangi wetu huipulizia juu ya rangi ya bodi, ikiwa imechanganywa na kemikali za kuzuia mionzi. Klia ya bodi ya gari kwa kawaida ina unene wa mikromita 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Maji yaliyoingia garini mwako hayakuigusa kaboni hata kidogo. Yaligusa klia, na kila utakachokifanya kuanzia sasa ama kitaisafisha klia hiyo ama kitaipunguza.

Tuyatazame sasa maji yenyewe, kwa maana maji ya Arusha hayafanani na ya kila mahali. Hupita kwenye miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru, na njiani huyeyusha sodiamu, bikaboneti, silika (madini ya jamii ya mchanga na kioo) na floridi. Floridi ndiyo inayofahamika zaidi, kwa sababu ya meno yenye rangi ya kahawia ya watu waliokulia maeneo kama Maji ya Chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vinavyouzunguka mlima huo vinavuka kiwango hicho, jambo ambalo ndilo lililofanya kituo cha utafiti cha Ngurdoto kishughulike na namna ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Kwa upande wa dashibodi, hata hivyo, floridi si mhusika mkuu. Tone la maji kama haya linapokauka, bikaboneti hugeuka kaboneti, na kinachobaki ni utando wa chumvi wenye ukali wa magadi kuliko maji yalivyokuwa yanatoka bombani. Kila tone lililokauka juu ya dashibodi yako limefanya kwa udogo kile ambacho Ziwa Natron hufanya kwa ukubwa: maji yamekwenda na jua, magadi yamebaki. Pamoja na magadi hubaki silika, nayo ndiyo yenye kiburi, kwa sababu ikishakauka vizuri haiyeyuki kwa maji wala kwa siki.

Hapo ndipo ilipo sababu ya viduara kuongezeka. Ulipofuta kwa maji ya bomba, sehemu ya chumvi ya zamani iliyeyuka ikasambaa, na maji mapya yalipokauka yakaacha na yake. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka ukiacha sodiamu, silika na floridi vyote ndani ya sufuria. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Unachohitaji ni maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na madini ambayo maduka ya spea huyauza kwa ajili ya kuongezea kwenye betri. Tafadhali soma lebo kabla ya kulipa, na ukiwa na shaka muulize muuzaji mara mbili, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo huwekwa chupa za asidi ya betri na wateja wengi huziita zote maji ya betri. Asidi hiyo ni ya salfuriki. Itakula vitambaa vya viti na ngozi ya mikono yako kabla hujajua umenunua nini. Ukikosa maji yaliyokenekwa, maji ya mvua yanafaa karibu sawa, ilimradi uyakinge kwa beseni safi mahali pa wazi, mbali na bati na matawi, baada ya mvua kunyesha kwa muda na kulisafisha anga.

Jua nalo limechangia. Wakazi wa Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, huzoea hewa ya ubaridi na kudhani kwamba gari halipati moto. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani hali ni nyingine kabisa: dashibodi, hasa iliyo nyeusi, inaweza kuvuka nyuzi joto 70. Katika joto hilo klia hulegea kidogo, tone hukauka upesi, na chumvi iliyojikusanya pembezoni mwa tone hupata nafasi ya kuitafuna. Ndiyo maana unaona viduara vyenye ukingo, wala si madoa yaliyojaa. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi yote nitakayoieleza ifanyike kivulini, asubuhi au jioni, dashibodi ikiwa ya baridi unapoigusa kwa kiganja.

Doa la maji linaweza kuwa juu ya klia, ndani ya klia, au chini yake. Ili kujua, washa tochi ya simu uilaze karibu na uso wa dashibodi, mwanga upite kwa ubavu. Kisha vaa karatasi nyembamba ya nailoni, kama ile inayofungia mkate, kwenye ncha ya kidole, na upapase doa polepole. Nailoni hukuza mguso na kukuonyesha mikwaruzo ambayo kidole kitupu hakiisikii. Ukisikia vipele, chumvi bado iko juu. Ukisikia ulaini, au kishimo, lakini mwanga wa ubavu unaonyesha ukingo wa duara, basi chumvi imekwisha kuondoka na imeacha kovu ndani ya klia. Jaribio la tatu umekwisha kulifanya bila kukusudia: uliloanisha dashibodi na madoa yakapotea. Maji hujaza mashimo na vinyweleo vya uso, mwanga ukapita bila kutawanyika, na jicho likaona weusi. Ukungu ulio chini ya klia haupotei hivyo. Huonekana kwenye unyevu na kwenye ukavu. Kwa maelezo yako, basi, madoa yako yako juu au ndani, na yote mawili yana tiba ya nyumbani.

Jambo jingine la kuhakikisha kabla ya kuanza ni kama hiyo ni kaboni ya kweli. Magari mengi yaliyotumika yamebandikwa stika yenye picha ya kitambaa hicho cha kaboni. Sogeza kichwa kushoto na kulia huku ukitazama mahali pamoja: kwenye kaboni ya kweli, vipande vilivyokuwa vyeusi hung'aa na vilivyong'aa huwa vyeusi, kwa sababu kila kamba ya nyuzi hurudisha mwanga kwa mwelekeo wake. Stika nyingi huwa na mng'ao ule ule kila upande, na ukingo wake huonekana kwenye kona. Ikiwa ni stika, fuata hatua za maji na sabuni peke yake, kwa brashi laini kwenye mifereji yake, na usiguse polishi.

Haya, kazi yenyewe. Ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini ya nywele, kama ile ya kupakia poda, bila kukandamiza. Vumbi la Arusha ni la majivu ya volkano, lina chembe kali, na mikwaruzo mingi inayodhaniwa kuletwa na dawa imeletwa na mtu aliyefuta vumbi kavu kwa nguvu. Funika redio, swichi na skrini kwa taulo kavu. Usinyunyizie kimiminika chochote moja kwa moja kwenye dashibodi, kwa kuwa mbele ya abiria kuna mfuko wa hewa wa usalama na nyuma ya kaboni kuna nyaya. Kila dawa iwekwe kwenye kitambaa, na kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitiririke. Tumia vitambaa vya maikrofaiba vilivyo safi, vingi kadiri unavyoweza, ukigeuza upande kila baada ya kufuta mara chache.

Futa eneo lote kwa maji yaliyokenekwa yenye matone machache ya shampuu ya gari isiyo kali. Futa tena kwa maji hayo bila shampuu, kisha kausha papo hapo kwa kitambaa kingine, usingoje likauke lenyewe. Mara nyingi sehemu kubwa ya magadi huondoka hapa, kwa sababu chumvi za sodiamu huyeyuka kwa urahisi zikipata maji yasiyo na kitu ndani yake. Watu wengi hawajui hili, wakakimbilia dawa kali kwa doa ambalo lingetoka kwa maji tu.

Kwa yatakayobaki, sasa msikilize jirani yako. Chukua siki nyeupe, ile isiyo na rangi yenye asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi, uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, pembeni karibu na mlango, ungoje uone kama mng'ao umebadilika. Kisha loanisha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa muda usiozidi dakika moja, futa bila kukandamiza, na umalizie kwa kitambaa cha maji yaliyokenekwa na kingine kikavu. Kurudia mara mbili au tatu kwa muda mfupi ni bora kuliko kuiacha siki ikae kwa muda mrefu. Iepushe na nyuzi za ngozi ya usukani na vitufe vya alumini. Siki huyeyusha kaboneti. Kwa silika haifanyi kitu, kwa hiyo doa lisipoitikia baada ya mara ya tatu, acha, siki imefika mwisho wa uwezo wake.

Kilichobaki hapo ni silika iliyoganda au kovu ndani ya klia, na vyote viwili vinahitaji polishi. Omba polishi ya kumalizia, ile laini kuliko zote katika duka, wala si kompaundi ya kukata ambayo mafundi bodi huitumia baada ya msasa. Weka tone dogo, kama punje ya mbaazi, kwenye kipande cha sponji laini. Sugua eneo lisilozidi kiganja kwa mizunguko mifupi na mkono mwepesi, kisha futa na utazame kwa mwanga wa ubavu. Usitumie mashine. Dashibodi ina mikunjo na kingo, na ukingoni ndipo klia huwa nyembamba zaidi. Mashine huitoboa hapo kabla ya mikono kuhisi chochote. Doa likififia kwa kiasi kikubwa lakini ukiinama bado ukaona kivuli chake, ninakushauri uridhike. Kila unaposugua unaondoa klia ambayo hairudi, na klia ndiyo inayoikinga epoksi na jua kwa miaka yote ambayo gari hili litakuwa nawe.

Ndiyo maana siungi mkono msasa wa fundi wako kwa tatizo ulilolieleza. Msasa wa maji wa namba 2000 au 3000 una mahali pake, mikononi mwa mtu mwenye kifaa cha kupimia unene wa klia na anayejua ataipulizia tena ikibidi. Kwa viduara vinavyopotea kwa unyevu, huo ni uamuzi wa haraka mno. Kitambaa cha fundi kikianza kutoa weusi wakati anasugua, ujue klia na epoksi vimekwisha na anasugua nyuzi zenyewe.

Ukimaliza, paka nta ya sintetiki ya kulinda rangi, safu nyembamba, uifute ikikauka. Haitazuia tone lisikauke, lakini chumvi itaanza na nta kabla ya kuifikia klia, na utaifuta kwa urahisi. Nunua pia kizuizi cha jua cha kioo cha mbele. Na siku nyingine ya kuosha gari, funga vioo wewe mwenyewe kabla hujakabidhi ufunguo, kisha uwaombe wahudumu kwa heshima wakuachie dashibodi uifute kwa kitambaa chako.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona watu wakisugua dashibodi za kaboni kwa dawa ya meno, wengine kwa limau na magadi, na mahali ninapoosha gari hupaka mafuta ya kung'arisha dashibodi, madoa yakapotea kabisa kwa siku kadhaa. Je, njia hizi zina madhara? — Msomaji wa Sakina, Arusha.

JIBU: Zina madhara, ingawa si sawa kwa zote. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia zilizopimwa kwa ajili ya jino, ambalo ni gumu kuliko klia. Itaondoa doa, ndiyo, na mahali pake itaacha mikwaruzo myembamba ambayo juani huonekana kama utando wa buibui. Isitoshe, hujikita kwenye maungio ya dashibodi na kubaki nyeupe humo. Juisi ya limau ina asidi ambayo hujui ukali wake, pamoja na sukari na nyama za tunda zinazonata. Siki imepimwa kiwandani na haiachi kitu ikikauka. Magadi ndiyo nisiyoyaelewa kabisa, kwa kuwa ni kurudisha juu ya dashibodi kitu kile kile ambacho mwenzetu wa Njiro anahangaika kukiondoa.

Mafuta ya kung'arisha ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa sababu yanapendeza. Mengi yana silikoni, ambayo hujaza mashimo ya klia kama maji yanavyofanya, ila haikauki upesi. Doa halijaondoka, limefichwa, na chini ya mafuta chumvi iliyobaki iko pale pale. Silikoni hukamata vumbi, huleta mng'ao kwenye kioo cha mbele unaomsumbua dereva jua likiwa usoni, na siku utakapohitaji kupuliziwa klia upya, itamsumbua fundi rangi, kwa sababu klia hukimbia mahali palipo na silikoni na kuacha vitobo. Dashibodi ikiwa imepakwa mafuta hayo, yaondoe kwanza kwa shampuu na maji yaliyokenekwa, mara kadhaa, ndipo ufuate hatua za hapo juu.

Niongeze onyo ambalo hukuliuliza. Usiruhusu dawa ya kusafishia choo, petroli, tina, wala dawa ya kung'arishia rimu iguse dashibodi. Baadhi ya dawa kali za kuondoa madoa ya maji kwenye vioo hutengenezwa kwa asidi zenye floridi, ambazo kwa kweli huyeyusha silika, na ndiyo sababu zinasifiwa. Lakini hupenya ngozi na kuidhuru hadi ndani, na mvuke wake ndani ya gari lililofungwa ni hatari kwa mapafu. Lebo ikitaja asidi ya haidrofloriki au bifloridi ya amonia, irudishe chupa kwenye rafu.

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Moshi tunasifiwa kwa maji mazuri ya chemchemi za Kilimanjaro, lakini dashibodi yangu ya kaboni, ambayo si ya kung'aa bali ni ile iliyofifishwa, imeingia ukungu mweupe upande wa juu, karibu na kioo cha mbele. Kioo hicho kilibadilishwa mwaka jana baada ya kupigwa na jiwe, na ukungu ulianza wakati wa masika. Nikiulowanisha hauondoki. Kuzunguka skrubu mbili zinazoshika kipande hicho kumetokea rangi ya kahawia. Nitumie polishi gani? — Mama wa Shanty Town, Moshi.

JIBU: Mama, usitumie polishi yoyote. Kaboni iliyofifishwa haing'arishwi kamwe. Ufifi wake unatokana na uso wa klia wenye vinundu vidogo mno, na polishi huvilaza vinundu hivyo, ukabaki na baka linalong'aa ambalo haliwezi kurudishwa kwa kusugua. Nta nayo huacha mabaka. Uso wa namna hiyo husafishwa kwa maji yaliyokenekwa na shampuu nyepesi, basi.

Kwa hali yako, hata hivyo, usafi si tatizo. Ukungu usioondoka kwa unyevu uko chini ya klia, na mahali ulipo, pembeni mwa kioo kilichobadilishwa, panaonyesha njia ambayo maji yanaingilia. Chemchemi zenu hazina lawama hapa. Ni maji ya mvua, ambayo hayana madini ya kutosha kuacha chumvi, lakini yamekuwa yakiingia polepole, msimu mzima, kwenye ukingo wa kipande cha kaboni ambako klia huishia, na kutoka hapo yamejipenyeza kati ya klia na epoksi. Rangi ya kahawia kwenye skrubu inathibitisha hivyo. Kaboni hupitisha umeme, na chuma kikigusana nayo penye unyevu huoza upesi kuliko kingeoza peke yake.

Mtafute fundi wa vioo apime uvujaji: mtu mmoja akae ndani na tochi na karatasi kavu za chooni, mwingine amwagie kioo maji taratibu kuanzia chini kupanda juu, wakisimama kila hatua dakika kadhaa, ili mahali maji yanapoingilia pajulikane kabla ya kupanda zaidi. Wazibue pia matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya waipa, ambayo katika mji wenye miti mingi kama wenu huziba kwa majani. Kioo kikihitaji kugandishwa upya, litumike gundi la polyurethane la vioo vya magari, na gari lisiendeshwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye gundi hilo kupita. Jaribu pia kunusa harufu ndani ya gari: utando unaonata kwenye kioo kwa ndani na harufu tamu kidogo humaanisha kwamba kinachovuja ni maji ya rejeta kutoka kwenye hita, na hapo kazi ni ya fundi mwingine kabisa.

Kipande chenyewe kitatolewa. Kwa kuwa kiko karibu na mfuko wa hewa, betri ikatwe kwanza na muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari ungojwe kabla ya kugusa skrubu hata moja. Klia ya zamani iondolewe kwa uangalifu, kipande kikaushwe hadi kiwe kikavu kabisa, kwa sababu unyevu utakaofungiwa chini ya klia mpya utazaa ukungu ule ule, kisha kipuliziwe klia iliyofifishwa ya kuchanganya na kigumishi, yenye kinga ya mionzi. Fundi avae barakoa ya kuchuja kemikali, maana kigumishi hicho kina isosaneti zinazoumiza mapafu, na vumbi la kaboni wakati wa msasa huwasha ngozi na koo. Mwombe apulizie kwanza sehemu ya nyuma ya kipande, ambayo haionekani, ukaulinganishe ufifi wake na vipande vingine vya dashibodi mchana nje ya karakana. Viwango vya ufifi hutofautiana kati ya kopo na kopo. Wakati wa kurudisha, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila moja iwekewe washa ya plastiki isiguse kaboni.

Fundi rangi asianze kabla ya fundi wa vioo kumaliza kazi yake na mvua kubwa angalau moja kupita bila tone kuingia. Hadi hapo, egesha gari chini ya paa na uweke taulo kavu pembeni mwa dashibodi, ulibadilishe kila linapopata unyevu.